Mjomba, pombe iache, ila usiiachie chumbani peke yako

Shikamoo mjomba. Naandika hapa hadharani kwa sababu simu zangu hupokei, na najua nyumba nyingi hapa Dar zina mjomba kama wewe sa hivi.

Macho yamekuwa ya njano, tumbo limejaa maji, af pale kijiweni Sinza wanakwambia umerogwa, wengine wanakuletea majani ya kuosha ini. Hapana mjomba. Ini limejaa makovu ya pombe, damu inapita kwa shida ndo maana maji yanavuja tumboni, na siku zile unachanganya majina yetu ni sumu iliyotakiwa kuchujwa na ini inapanda kwenye ubongo. Siwezi kukudanganya, makovu yakishakuwa mengi hivyo ni ngumu kufutika, na mtu akifika hatua hii ya maji na manjano mara nyingi madaktari wanazungumzia miaka kama 2 hivi ya kuishi. Lakini hapo wamehesabiwa wote, wanaoendelea kunywa na walioacha! Walioacha kabisa, kuna ambao maji yanakauka, manjano yanapotea, wanaishi miaka mingi tu. Sio wote. Ila anayeendelea kunywa nafasi hiyo anaifunga mwenyewe, na usiseme utabaki na bia tu, bia ya nusu lita ina kilevi karibu gramu 20, ini halijui kama ni bia au pombe kali.

Sasa hapa nisikilize sana. Usikate ghafla ukiwa umejifungia ndani, mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu ambavyo havipo, kuanguka kifafa, na inaua kabisa. Uachie hospitali, wakuangalie, wakupe na vitamini B1. Zile diklofenaki za mgongo unazonunua duka la dawa acha, zinaumiza figo. Chumvi punguza ila chakula usijinyime, kula mayai, samaki, maharage, na kabla ya kulala tia kitu tumboni maana misuli imekuisha. Ukitapika damu au choo kikawa cheusi kama lami usisubiri kukuche, piga simu tu hata saa nane usiku.

Na habari za kwenda India kubadilishiwa ini, hata huko cha kwanza watauliza umeacha pombe lini.

Jumatatu asubuhi nakuja na bajaji, mama naye anakuja. Kadi ya bima iweke karibu.