Malalamiko: meli yenu kugonga boti langu likiwa limefungwa gatini

Kwa Meneja wa Madai,

Salamu. Naandika kwa heshima, ingawa mmenibakishia kidogo sana. Meli mnaijua, gati mnalijua, ripoti ya saveya (mkaguzi wa uharibifu) na picha mnazo, sirudii. Nazungumzia hili jibu lenu kwamba meli ilikuwa chini ya rubani wa bandari, yule anayeongoza meli kuingia gatini, kwa hiyo nikamdai yeye.

Jamani. Boti langu lilikuwa limefungwa, kamba za omo (mbele) na za tezi (nyuma) zimekaza, injini imezimwa. Meli yenu ndo ilokuja na mwendo ule, tagi (boti la kuvuta meli) moja tu ubavuni, nahodha anachelewa kurudisha injini nyuma, tezi ya meli ikafyatuka ikalibana boti langu kwenye ukuta wa gati, na mlio wake mpaka leo nausikia. Bamba za ubavu zimeingia ndani, shafti ya propela imepinda. Boti lililofungwa limemkosea nani?

Na hiyo ya rubani msiniletee, maana nyie ndo mnazijua hizi sheria kuliko mimi. Mkataba wa Brussels wa 1910 wa kugongana kwa meli, kifungu cha 5, unasema dhima, yaani wajibu wa kulipa, inabaki kwa meli hata kama kosa ni la rubani, hata kama ni rubani ambaye sheria inalazimisha meli imchukue. Uingereza kisingizio hicho walikifuta kwa sheria ya mwaka 1913! Mkiwa na ugomvi na rubani au na bandari malizaneni wenyewe, mi nilipeni kwanza.

Ila kilichoniuma zaidi ni pale ngazini. Nilipanda melini jioni ileile na barua ya madai, naomba nahodha asaini kwamba ameipokea tu, sio kwamba amekubali kosa. Nahodha hakutoka. Akaja ofisa wenu mmoja, ana glavu zenye grisi, akaisoma mbele ya mabaharia, akacheka, akaikunja mara nne akanitia mfuko wa shati, afu akaupigapiga ule mfuko kama anamtuma mtoto dukani. "Nenda kwa rubani mzee, sisi tunaondoka alfajiri."

Hapo bado sijaongelea hasara ya boti kukaa bila kazi, na vijana wangu ambao wanataka mshahara wao boti likielea lisielee.

Afu ofisi yenu ikanipigia simu, hii ilikuwa kabla ya lile jibu la maandishi, mnasema hata nikishinda meli ina haki ya kuweka ukomo wa dhima, yaani isilipe zaidi ya kiwango fulani. Sawa, wekeni. Chini ya mkataba wa ukomo wa 1976, itifaki yake ya 1996 na viwango vilivyoanza 2015, hata kwa meli isiyozidi tani 2,000 ukomo wa madai ya mali ni SDR (kipimo cha fedha cha IMF) milioni 1.51. Dai langu halifiki hata robo ya hapo, sasa mlikuwa mnamtisha nani?

Narudi kwa yule ofisa maana sijamaliza naye. Mnajua ile barua ilikuwa inaomba nini? Ilikuwa inaomba kinasa safari cha kwenye chumba cha kuongozea meli kihifadhiwe, sauti, radar, amri za injini, vyote. Vinasa vya zamani vinalazimika kutunza saa 12 tu, baada ya hapo vinajifuta. Yeye kaisoma yote, kaelewa, ndo akaikunja mara nne na glavu zake za grisi akanirudishia mfukoni akapigapiga. Kwa hiyo ule haukuwa utovu wa adabu tu, ule ulikuwa ushahidi unarudishwa mfukoni kwangu ili usihifadhiwe. Alama ya vidole vyake bado ipo kwenye karatasi, na shati sijalifua.

Nilikuwa nataka matengenezo na malipo ya siku boti halikufanya kazi, basi. Sasa nataka na gharama za saveya, na riba, na rekodi ya kinasa kama ipo, na kama haipo mniandikie kwa nini haipo, nahodha asaini mwenyewe safari hii. Na yule ofisa aniombe radhi kwa maandishi.

Na huu mtindo wa "tunalishughulikia" naujua unapoelekea, dai la mgongano lina miaka 2 tu ya kufikishwa mahakamani na nyie mnaihesabu. Mwanasheria wangu naye anaihesabu. Kabla ya wiki hii kuisha nipate barua ya dhamana (ya kuahidi malipo) kutoka klabu yenu ya bima, la sivyo naomba amri ya mahakama meli izuiwe bandari yoyote itakayofunga kamba, na isipoonekana yenyewe nchi nyingi zinaruhusu kuzuia meli nyingine ya mwenye mali huyohuyo. Siku moja ya meli kukaa imezuiwa mnajua wenyewe inawagharimu nini.

Nasubiri barua ya dhamana. Simu zenu sipokei tena.

Mwenye boti