Watoto waruhusiwe kelele kidogo maktaba

Ndugu Mhariri,

Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, na ina sehemu ya watoto. Naiomba Bodi ya Huduma za Maktaba iwaruhusu kupiga kelele humo walau Jumamosi. Bibi mmoja aanze "Hadithi, hadithi!", wao waitikie "Hadithi njoo!" Ikiisha, wamtengeneze sungura kwa maboksi na gundi, au wakamulie limau kwenye magadi waone povu linavyofoka, kisha waelezwe kuwa ile ni hewa ya kabonidayoksaidi. Gharama? Malimau na makopo matupu. Wanaojisomea mitihani (nawajua, hawapendi kelele) watengewe chumba cha mbali.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam