Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali: katika wale 104,842 na mimi nimo

Mheshimiwa Inspekta Jenerali wa Polisi,

Salamu sana, natumai u mzima. Mimi ni mama fundi cherehani hapa Mombasa, hunijui, lakini kwa hesabu zako nimo. Mwaka wa 2023 visa vya uhalifu vilivyoripotiwa kwa polisi Kenya nzima vilikuwa 104,842, kutoka 88,083 mwaka wa 2022. Basi katika hio laki na ushee toa mmoja umueke kando, huyo ni mimi. Agosti 2023 duka langu lilivunjwa, cherehani mbili na ovaloki zikabebwa pamoja na yunifomu za watoto wa watu ambazo wenyewe walishalipa nusu, na hio ovaloki nilikuwa bado nadaiwa na chama.

Asubuhi hio hio nilienda kituoni. Nikapewa OB namba, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, kwa kikaratasi cha kuchanwa, nikaambiwa afisa atakuja kuangalia mlango ila gari halina mafuta, mama kama una kitu hapo... nikatoa elfu moja. Sikuona gari sikuona afisa. Nimerudi mara sita. Mwenye faili mara amehamishwa, mara yuko kotini, mara yuko livu, hadi siku moja kijana wa hapo deskini akaniuliza mimi, "Mama, kwani wewe unashuku nani?" Nikamwambia afande, si hio ndio kazi nilowaletea nyinyi?

Nilishanyamaza. Kilichonitoa ni juzi Jumanne, jirani yangu anayeuza simu na chaji amevunjiwa vile vile, tena mlango wa nyuma kama mimi. Nikamwambia twende nikusindikize kituoni. Akacheka, mheshimiwa. "Mama fundi, kwani yako ilifika wapi?" Akachukua nyundo akaanza kugonga mlango wake.

Sasa huyo hayuko kwa hesabu. Mwaka ukiisha itakuwa hakuibiwa. Na sote tukikata tamaa tusije tena, uhalifu utakuwa umeshuka, mtapigiwa makofi. Mwaka wa 2020 visa vilishuka hadi 69,645 kutoka 93,411 vya 2019, na sote twakumbuka ile kafyu ya korona, tulifungiwa ndani sisi na wezi wetu, ukitoka usiku kupiga ripoti huenda ukashikwa wewe. Tulipofunguliwa 2021 vikarudi 81,272 na vikaendelea kupanda. Kwa hivo hizo za kupanda na kushuka mimi hazinitishi sana, pengine zikipanda ni afadhali, ina maana watu bado wana imani ya kuja. Nayoitaka ni ile hesabu nyengine, zilizoripotiwa ziliishaje? Ngapi zilifika kotini, ngapi mtu alifungwa, ngapi zimelala kabatini na yangu, na iwe kituo kwa kituo, ibandikwe hata ukutani pale karibu na picha ya rais.

Na nisiambiwe hakuna wa kuandika, maana DCI, wapelelezi wenu wa jinai, wakishika mtu, hadithi wanazoandika mtandaoni utadhani ni riwaya, hata mwezi ulivyokuwa unang'aa usiku huo utaambiwa. Nasoma nacheka. Yangu hata mstari mmoja hamna.

Katiba kifungu cha 244 inataka polisi wawe na uwazi na uwajibikaji. Kwenye nembo mumejiandikia wenyewe Utumishi kwa Wote. Jopo la Jaji Maraga la kurekebisha polisi lilizunguka likasikiza wananchi, ripoti ikakabidhiwa Novemba 2023, miezi mitatu tu baada ya mimi kuibiwa, nikasema haya sasa mambo yatabadilika. OB ya kidijitali nayo tumeahidiwa mpaka tumechoka, yangu bado kikaratasi.

Pengine mafuta kweli hamna, pengine maafisa ni wachache, pengine kuna mtu hapo anajua cherehani zangu zimeuzwa wapi na anakula nao, Mungu ndiye ajuaye. Mimi sasa nashona kwa mashine ya kukodi, mia mbili kwa siku, nishone nisishone.

Nilikuwa nimeandika maombi mengi hapa nimeyafuta. Nipe jina la afisa aliye na faili langu. Jina tu mheshimiwa, nimfuate mwenyewe kwa miguu, mafuta ya gari sihitaji. OB namba ninayo mkobani, nimeifunga kwa nailoni isilowe.

Mama fundi, Mombasa