Barua ya wazi kwa vijana wa jukwaani: nani kawaambia bango ni la mtu mmoja?

Wanangu waigizaji,

Kikundi kingine kimevunjika, safari hii kwa sababu ya bango. Mmoja wao aliyeonekana kidogo kwenye televisheni alitaka sura yake iwe kubwa kuliko za wenzake, jina lake litangulie, na malipo yake yawe mara mbili. Wenzake wakagoma. Mchezo umekufa mazoezi yakiwa yameshafika nusu, na walionunua tiketi bado wanadai fedha zao. Nimechukizwa, na sifichi. Kikundi sikitaji, wenyewe mnajijua.

Nataka mumjue Gérard Philipe, Mfaransa. Alizaliwa Cannes mwaka 1922, akafariki Paris tarehe 25 Novemba 1959 kwa saratani ya ini, hajatimiza miaka 37. Alipanda jukwaani mara ya kwanza Nice mwaka 1942, akasoma Conservatoire ya Paris, chuo cha uigizaji, chini ya mwalimu Georges Le Roy, na mwaka 1945 akaigiza Caligula, mfalme wa Roma, katika mchezo wa mwandishi Albert Camus. Filamu ya Le Diable au corps, mwaka 1947, ikamfanya staa. Kufikia 1950 hakuna mtayarishaji wa sinema ambaye angemfungia mlango.

Na wakati huo huo, jina likiwa juu kabisa, alimfuata mwenyewe mwongozaji Jean Vilar chumba cha kubadilishia mavazi, akamwambia yuko tayari kufanya naye kazi. Vilar ndiye aliyeanzisha tamasha la michezo ya kuigiza katika mji wa Avignon mwaka 1947, na mwaka 1951 akakabidhiwa Théâtre National Populaire, ukumbi wa umma wa watu wa kawaida. Huko majina yalipangwa kwenye bango kwa alfabeti. Herufi P ikamweka staa wa Ufaransa nyuma ya wenzake wengi, naye akakaa hapo hapo. Malipo akachukua ya kikundi, si ya sinema.

Sikilizeni hili vizuri. Novemba 1951, kwenye kitongoji cha Suresnes, kando ya Paris, kikundi hicho kilionyesha michezo miwili wikiendi moja. Katika Le Cid ya Corneille, Philipe ndiye Rodrigue, shujaa mwenyewe, mchezo mzima uko mabegani mwake. Katika Mère Courage ya Brecht alikuwa Eilif, mtoto mmojawapo wa mama mfanyabiashara, mhusika anayetoka jukwaani mapema na kukaa nje muda mrefu. Mtu yule yule, wikiendi ile ile! Nyinyi mkipewa mhusika mwenye sentensi kumi mnasema mmedharauliwa. Mnaacha kuhudhuria mazoezi, na siku ya onyesho hamjui hata mnaingilia upande gani.

Machi 1952 filamu ya Fanfan la Tulipe, ile ya mapanga na farasi, ikatoka na kujaza majumba ya sinema. Julai ya mwaka huo huo Philipe alikuwa Avignon. Vilar alikuwa mgonjwa, kwa hiyo Philipe akabeba mchezo wa Lorenzaccio wote, kuongoza na kuigiza mhusika mkuu. Sinema haikumnyang'anya jukwaa. Kwetu, mtu akipata sehemu mbili za tamthilia ya televisheni, ukumbini haonekani tena mpaka televisheni imchoke.

Sasa sauti. Ua wa jumba la Mapapa kule Avignon, wanamoigizia kwenye tamasha, hauna paa, na upepo wa mistral huvuma usiku. Mistari mingi ya Le Cid ina mizani 12, na kituo baada ya mizani ya 6, kama shairi letu la mizani 16 linavyogawanyika ukwapi na utao. Katika tendo la nne Rodrigue anamsimulia mfalme vita, mistari kama 70. Ukivuta pumzi katikati ya kipande, unaishiwa kabla ya mwisho wa mstari. Neno la mwisho linazama, nalo ndilo lenye kina, na safu za nyuma wanabaki na nusu ya maana.

Chukueni penseli. Alama moja mahali pa pumzi fupi, mbili mahali pa pumzi kamili, na alama isikatize kipande. Someni polepole mkiwa mmekaa, bila hisia yoyote, mpaka silabi ya mwisho isikike sawa na ya kwanza. Kisha mwenzenu akasimame safu ya mwisho, anyooshe mkono kila neno linapompotea. Msipige kelele: kelele hukausha koo na kumeza konsonanti. Vilar alitaka walau theluthi moja ya mazoezi yote iwe ya kusoma mmekaa, maandishi mkononi. Mkiwa na mazoezi 30, basi 10 ni ya vitini. Nyinyi mnaanza kurukaruka siku ya pili, halafu mnashangaa maneno hayashiki.

Mengine nayataja tu. Fikeni kabla ya saa. Mwambieni fundi ashone mavazi mapema ili mfanye mazoezi mkiwa mmeyavaa. Simu zikae nje. Watazamaji waheshimiwe: ukumbi wa Vilar ulianza maonyesho mapema ili mfanyakazi awahi kurudi kwake, ukafuta bakshishi kwa wanaoonyesha viti, na maandishi ya mchezo yaliuzwa kwa bei ndogo.

Lakini si nyinyi peke yenu wa kulaumiwa. Oktoba 1957 Philipe aliandika katika gazeti la Arts makala yenye kichwa kinachosema waigizaji si mbwa, na mwaka uliofuata akawa rais wa kwanza wa chama cha waigizaji wa Ufaransa. Hakujipigania mwenyewe, yeye hakukosa kazi. Aliwapigania wale ambao majina yao hayakumvuta mtu dirishani kununua tiketi. Huku kwetu, wanangu, mwenye ukumbi anawapa soda na nauli na kuita malipo. Mtayarishaji anarekodi onyesho, anaweka mtandaoni, anakula peke yake. Dawa yake ni karatasi: iandike malipo ya mazoezi na ya onyesho kila moja peke yake, tarehe ya kulipwa, nani anagharimia usafiri na matibabu mtu akiumia jukwaani, na rekodi ni mali ya nani. Asaini mwenye ukumbi, msaini kikundi kizima, aliyeonekana kwenye televisheni na asiyeonekana, kabla zoezi la kwanza halijaanza.