Waridi lako "lisilo na miiba" limeota miiba? Soma hapa kwanza

Mvua ya Aprili ikianza tu, hapa kitaluni Nakuru tunapata wateja wa aina mbili. Mmoja anakuja na picha kwa simu, ua la pinki limepigwa karibu sana mpaka huoni jani hata moja, anauliza "hili la kwa shosho halikuwa na miiba, mnalo?" Mwingine anakuja amekasirika, ati tulimuuzia (ama aliuziwa kwingine, hatubishani) waridi la kutambaa bila miiba na sasa watoto wanaogopa kupita karibu na geti.

Tuanze na huyu aliyekasirika maana hasira yake ina sababu. Miche mingi ya waridi inayouzwa huku imepandikizwa, yaani juu ni ua ulilolipia na chini ni mzizi wa waridi lingine gumu, na kwa mashamba makubwa ya maua ya Naivasha mzizi unaotumika sana unaitwa Natal Briar, huo una miiba yake yote. Sasa ukiona tawi limetoka chini ya ile nundu ya kiungo, ama limechomoza kwa udongo kando, linakimbia kuliko mengine na majani yake hayafanani na ya juu, hilo si waridi lako. Usilikate na mkasi, hapo utakuwa umelipogoa tu na litarudi na wenzake. Fukua mpaka uone limeanzia wapi, vaa glavu, livute ling'oke pale pale kwa mzizi. Ukilaza damu ukaliacha, ua la juu linanyimwa chakula pole pole, mwishowe unabaki na kichaka cha mzizi.

Huyu wa picha naye, tafadhali usituletee ua peke yake. Tuletee kitawi chenye majani, kwa sababu kukosa miiba pekee hakutuambii ni waridi gani.

Kama ni la pinki iliyokolea, linanukia ukiwa bado uko mbali na linachanua tena na tena, tunashuku Zéphirine Drouhin, waridi la Ufaransa la mwaka 1868. Chipukizi zake huja na rangi ya shaba iliyochanganyika na zambarau kabla zigeuke kijani. Kama kila kitu ni hivyo lakini pinki ni hafifu, hiyo ni Kathleen Harrop ya 1919, ilitokana na hiyo hiyo Zéphirine. Maua madogo madogo ya njano yamejazana kwa vishada, jani jembamba laini lenye vipande vitatu mpaka vitano, hiyo ni Banksia ya njano kutoka China, iliyofika Uingereza miaka ya 1820, na ina dada yake mweupe anayenukia zaidi. Angalia pale jani linaposhikana na tawi: kwa mawaridi mengi kuna vijimasikio viwili vimegandana na kikonyo, lakini kwa Banksia viko huru na vinadondoka mapema. Ukipata vijimasikio vimechanika kama meno ya kitana na ua ni zambarau lenye kitovu cheupe, hiyo inaweza kuwa Veilchenblau ya Ujerumani, 1909. Unaona sasa kwa nini tunataka majani?

Tena tuambiane ukweli, "bila miiba" mara nyingi ni "miiba michache sana", kwa hivyo usije kudai pesa kwa sababu ya mwiba mmoja.

Kupanda si kazi. Shimo kama sentimita 50 kila upande, samadi iliyooza vizuri (mbichi itachoma mizizi), na hapa Nakuru udongo wetu wa volkano unapitisha maji haraka kwa hivyo weka matandazo ya nyasi kavu. Zéphirine iko na shida moja kubwa, madoa meusi na ubwiri unga (ule unga mweupe kwa majani), na huko Njoro na Molo kwenye ukungu ndio kabisa. Usiigandamize kwa ukuta, ipe waya iliyoachana na ukuta ili upepo upite, mwagilia chini asubuhi wala si juu ya majani jioni, okota majani yaliyoanguka. Matawi marefu yalaze kwa waya yaende kando kando, usiyaache yapande wima, ndio yachipue maua urefu wote badala ya kule juu tu ambako ni ndege watayaona.

Banksia ni hadithi nyingine, inapita mita sita bila kukuuliza, na maua yake hutokea kwa matawi ya zamani, kwa hivyo ukiipogoa kabla ichanue umejinyima maua ya msimu mzima. Subiri imalize, ndio ukate. Huko Tombstone, Arizona, Marekani, kuna Banksia nyeupe iliyopandwa 1885 na bado iko, basi fikiria vizuri kabla uiweke kwa ile fensi ya mabati.

Wateja wetu wa Kisumu, Banksia hatuwashauri, inapenda kipindi cha baridi ili ichanue vizuri na kwa joto lenu mtapata majani tu. Chukueni Zéphirine, mpande pahali penye kivuli cha mchana.

Na kama ni lile la shosho hasa unataka, kata vitawi unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, vifunge kwa gazeti lenye maji ndani ya mfuko, utuletee siku hiyo hiyo. Tutaviotesha hapa, vikiwa kwa mizizi yao wenyewe hakuna Natal Briar ya kukusumbua tena.