Dawa za nywele na piko zisiuzwe Mombasa bila maelezo ya Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wanawake wa Mombasa tunaliishi kila wiki lakini sijaona likijadiliwa kwa uzito unaolistahili, nalo ni dawa za kunyoosha nywele, rangi za nywele na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi na miguuni, zinazouzwa na kutumiwa mjini humu bila anayepakwa kujua amepakwa nini. Mimi ni msusi wa Majengo. Kazi hii niliipokea kutoka kwa nyanya yangu, na ninaiheshimu kiasi kwamba sitaki iwe njia ya kuwaumiza wanaotuamini na vichwa vyao.

Nianze kwa kueleza kwa nini dawa inapendwa hapa, kwa sababu wengi wanaoikosoa hawajapata kushindana na hewa ya bahari. Nywele zikinyooshwa asubuhi kwa chanuo la moto au blodrai, unyevu wa Mombasa huzirudisha katika mkunjo wake kabla ya adhuhuri, na kwa anayevaa mtandio kutwa, jasho humfanyia kazi hiyo mapema zaidi. Dawa haishindwi na unyevu. Kwa mwanamke anayetoka Kisauni alfajiri kwenda kazini na kurudi magharibi kuwapikia watoto, kupata wiki sita au nane za nywele zinazochanika bila machozi si jambo dogo, na mimi sina neno la kumlaumu. Wala sisemi kwamba asukwaye twende kilioni ana akili kuliko aliyetia dawa. Kila mtu na kichwa chake.

Ninachodai ni kwamba ajue kinachotendeka. Unywele umejengwa kwa protini, na mkunjo wake unashikiliwa na vifungo vya salfa ndani ya protini hiyo. Dawa hufanya kazi kwa kuvikata vifungo hivyo, na kwenye unywele uliotiwa dawa havirudi tena. Ndiyo maana nywele mpya zinazoota kwenye shina huja na mkunjo wao na mwenyewe hulazimika kutia tena. Dawa yenye nguvu zaidi huwa na hidroksaidi ya sodiamu, yale yale magadi makali wanayotumia watengenezaji wa sabuni. Kwa kipimo cha pH, kinachoonyesha kitu kina asidi au magadi kiasi gani, maji safi ni 7 na ngozi ya kichwa huwa kati ya 5 na 6, ilhali dawa hizi hufika kati ya 12 na 14. Kitu chenye ukali wa kukata vifungo vya unywele hakiwezi kuwa na huruma kwa ngozi iliyo chini yake, na kikiingia jichoni kinaweza kupofusha. Zipo nyingine zinazonadiwa kuwa ni za upole, ambazo badala ya sodiamu zina kalisiamu inayochanganywa na kimiminika cha guanidini wakati wa kupaka. Hizo huchoma ngozi kidogo kuliko zile za kwanza, lakini huacha kalisiamu juu ya unywele na kuukausha, na katika mitaa yetu ambako wengi huoshea nywele maji ya kisima yenye chumvi, ukavu huo huzidi.

Maelezo ya kilichomo na hatari yake, pamoja na muda wa kuacha dawa kichwani na namna ya kuiondoa, huwa yameandikwa kwenye mkebe. Yameandikwa kwa Kiingereza, pengine kwa Kifaransa na Kiarabu pia, kwa herufi ndogo ambazo hata mwenye macho mazima huzisoma kwa kukunja uso. Kiswahili sikioni. Lakini afadhali hata huo mkebe, kwa sababu wateja wengi hawauoni kabisa. Nimeona sokoni dawa ikichotwa kwa kijiko kutoka katika ndoo kubwa na kutiwa kwenye kikopo kilichokuwa cha siagi, ikauzwa kwa anayetaka ya shilingi chache, bila jina, bila tarehe ya mwisho ya matumizi, bila neno la onyo. Muuzaji akiulizwa ni kali au ya upole, hujibu kwamba ni nzuri.

Kuna saluni moja, ambayo sitaitaja, nilipokwenda mwishoni mwa Ramadhani kumfuata mwenzangu wa kazi. Palikuwa na foleni ya kina mama wanaojitayarisha kwa Idd, na kwenye kiti amekalishwa mtoto wa kike ambaye miguu yake haijafika sakafuni, kichwa chote kimepakwa dawa nyeupe. Mtoto akasema, "Mama, yaniwasha." Mamake, mwanamke mpole aliyempenda mwanawe bila shaka, akamjibu, "Vumilia kidogo mwanangu, ndiyo yashika." Msichana wa saluni hakusema kitu. Nilimwomba amwoshe mtoto papo hapo, na alipomwosha, nyuma ya sikio ngozi ilikuwa imekwaruzika na kuanza kutoa majimaji. Imani hii kwamba kuwasha ndiko kushika imeenea mji mzima, na ni uongo mtupu. Dawa huwasha kwa sababu imeanza kula ngozi, na inapaswa kuondolewa mara moja kwa maji mengi. Mkebe ungesema hivyo kwa lugha anayoisoma mama yule, naamini asingengoja mtu mwingine amsemee mwanawe.

Kosa lingine linalotokana na kutojua ni la kufumua rasta na kutia dawa siku ile ile. Rasta zikikaa wiki kadhaa, ngozi huwa imevutwa, imekunwa kwa ncha ya chanuo au kwa sindano, na ina mikwaruzo isiyoonekana kwa macho. Dawa ikipita hapo huingia moja kwa moja. Mimi humwambia mteja arudi baada ya wiki mbili, akaoshe nywele na kuzipaka mafuta ya nazi kwanza, na wengine huniacha na kwenda kwa jirani ambaye hamrudishi mtu. Sharti hili la kutopaka dawa kwenye ngozi iliyokwaruzika limo katika maandishi ya mkebe, ila husomwa na wachache mno.

Kuna pia suala la afya ya muda mrefu, nami nalitaja kwa uangalifu. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya na mazingira walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba kwa ambao hawakutumia kabisa bidhaa za kunyoosha nywele, uwezekano wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 ulikuwa asilimia 1.64, na kwa waliozitumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia utafiti, ulikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa namna hii huonyesha uhusiano na hauthibitishi peke yake kwamba dawa ndiyo chanzo, na hata hiyo asilimia 4 ina maana kwamba wengi hawakuugua. Sitaki kumtisha mtu. Lakini mwanamke anayeanza kutiwa dawa akiwa na miaka sita atakuwa ameitumia kwa muda mrefu kuliko yeyote atakapofika utu uzima, na hakuna aliyemuuliza.

Na sisi wasusi tujihurumie. Zile dawa za kulainisha nywele kwa pasi ya moto, zinazoitwa za keratini, nyingi hutoa gesi ya fomaldihaidi zinapopata joto, na gesi hiyo imeorodheshwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mteja huivuta kwa saa chache, naye msusi huivuta kutwa, katika chumba ambacho dirisha limefungwa ili wanaume wasichungulie. Faragha ya wateja wetu ni haki yao, na hewa tunaweza kuipata kwa feni ya kutoa moshi iliyowekwa juu ya ukuta.

Sasa nije kwenye piko, ambayo kwangu mimi ndiyo shida kubwa kupita zote. Piko inayochorwa leo kwenye mikono na miguu ya maharusi wetu, kuanzia Kibokoni hadi Likoni, ni unga wa rangi nyeusi ya nywele. Ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilinidaiamini, ambayo huandikwa kwa kifupi PPD. Umoja wa Ulaya hauruhusu rangi ya nywele ifike kichwani ikiwa na zaidi ya asilimia 2 ya kemikali hiyo, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Marekani nayo haijaidhinisha ipakwe kwenye ngozi. Sisi tunaikoroga kwenye kibakuli bila kipimo, tena nzito ili maua yatoke meusi, na tunamchora bibi harusi, wapambe wake, na vitoto vinavyolia vikitaka kufanana na dada zao.

Anayepakwa huenda asione chochote mara ya kwanza. Mwili wake, hata hivyo, unaweza kuwa umejifunza kuikataa kemikali hiyo, na ukishajifunza hausahau maisha yote. Mara ya pili au ya tatu, baada ya siku moja hadi tatu, mistari ya maua huvimba, hutoa malengelenge na kuacha makovu yenye umbo lile lile la ua lililochorwa. Tena hayaishii mkononi. Msichana aliyepakwa piko akiwa na miaka kumi, akifika arubaini na tano akataka kuficha mvi zake kwa rangi ya dukani, uso wake unaweza kuvimba hadi macho yakafunga, na wala hatakumbuka kulihusisha tukio hilo na harusi ya dadake. Nimempokea mteja wa namna hiyo, na tulimkimbiza hospitali. Wenye mzio huu wanaweza pia kudhurika na baadhi ya dawa za kutia ganzi na baadhi ya rangi za vitambaa.

Hina yenyewe haina hatia katika hili. Majani ya mhina yaliyosagwa hukaa mkononi kwa saa kadhaa, hutoa rangi ya chungwa kwanza, kisha hukolea kuwa nyekundu ya kahawia baada ya siku moja au mbili. Ukiambiwa hii ni hina, nayo imetoka nyeusi tititi ndani ya saa moja, basi fahamu kwamba umepakwa rangi ya nywele. Wachoraji wetu wana ufundi unaosifika mwambao mzima, na sioni kwa nini ufundi huo usitoke kwa hina peke yake.

Mhariri, haya ninayoyaomba hayahitaji sheria mpya kubwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupata habari anazozihitaji ili afaidike nazo, na kulindwa afya na usalama wake. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 ilikwisha kuwaamuru watengenezaji wa sigara waandike maonyo kwa Kiingereza na Kiswahili, nao wakaandika. Mvuta sigara anaonywa kwa Kiswahili. Kwa nini mama wa mtoto anayepakwa dawa yenye nguvu ya magadi ya sabuni asionywe? Bidhaa hizi nyingi huingia nchini kupitia bandari yetu wenyewe ya Kilindini, na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, linaweza kudai zisitoke bandarini bila karatasi ya Kiswahili iliyobandikwa, yenye mambo machache tu: kilichomo, umri usioruhusiwa, muda wa kuacha kichwani, la kufanya ikiwasha, na la kufanya ikiingia jichoni.

Maafisa wa afya ya umma wa kaunti nao huingia katika mikahawa yetu kukagua majiko. Waingie na saluni. Wapige marufuku uuzaji wa dawa kwa kijiko kutoka ndoo isiyo na jina, na wahakikishe kila saluni inaweka mkebe halisi mbele ya mteja kabla haujafunguliwa. Wasusi wenzangu, hatuhitaji kungoja serikali ili tuanze. Rangi na ijaribiwe nyuma ya sikio saa 48 kabla ya kupakwa kichwani, hata mteja akinung'unika kwamba harusi ni kesho. Dawa isipakwe mtoto. Mimi nimeandika hivyo kwa kalamu nene mlangoni pangu, na walioondoka kwa hasira ni wachache kuliko niliowahofia.

Kwa kuwa msimu wa harusi huanza mara tu baada ya Idd, naiomba idara ya afya ya kaunti ianze na wauzaji wa piko, ichukue sampuli za unga unaouzwa madukani, izipime, na itangaze matokeo katika gazeti hili na katika redio zetu za pwani kabla bibi harusi wa kwanza hajanyoosha mkono.

Msusi,
Majengo, Mombasa.