Barua ya malalamiko: nililipia 215/65R16, nikafungiwa 235/70R16

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Uuzaji wa Matairi,
Mwanza.

YAH: KUFUNGIWA MATAIRI YA SAIZI NISIYOILIPIA, KUJAZIWA UPEPO KUPITA KIASI, NA KUDHALILISHWA MBELE YA WATEJA

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Nakuandikia wewe moja kwa moja kwa sababu msimamizi wa tawi lenu ameshanijibu kwa namna yake, na jibu lake nitalifikia. Utaratibu wenu wa kubadilisha bidhaa isiyo sahihi mnaujua. Mmeubandika wenyewe ukutani, nyuma ya kaunta, kwa herufi nyekundu. Sina haja ya kuwasomea.

Gari langu ni Nissan X-Trail T31, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ukifungua mlango wa dereva, kwenye fremu kuna kibandiko kinachosema tairi ni 215/65R16 na upepo ni 230 kPa, mbele na nyuma. Kwa psi, kipimo kinachosomwa kwenye geji, hiyo ni 33. Risiti yenu ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inasema matairi manne ya 215/65R16 98H, shilingi 1,080,000, na nimelipa yote taslimu. Nakala ya risiti na picha ya kibandiko nimeambatanisha. Nililiacha gari mikononi mwa mafundi wenu Jumamosi mchana nikaenda Mwaloni Kirumba kukusanya mzigo wangu wa dagaa. Niliporudi nikakabidhiwa ufunguo na kuambiwa, "Tayari mama, safari njema." Yaliyofungwa ni 235/70R16.

Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza. Hakuna aliyeniambia kwamba saizi yangu imekwisha stoo. Namba yangu ya simu imo kwenye fomu yenu, imeandikwa na kijana wenu mwenyewe.

Jumatatu nilikuja kwenu asubuhi na mapema. Niliweka vitu vitatu juu ya kaunta: risiti, simu yenye picha ya kibandiko, na geji yangu ya upepo. Nikamwambia msimamizi wenu, kwa upole kabisa, "Kaka, nililipia 215 mmenifungia 235, na upepo mmejaza 44 badala ya 33." Risiti hakuigusa. Aligeuza uso kuelekea uani, akamwita fundi kwa sauti iliyofika barabarani: "Hebu mwongezee mama upepo kidogo atulie!" Watu wakacheka. Kisha akanigeukia na kusema, "Mama, kamlete mzee wa nyumbani tuongee naye. Haya mambo ya saizi ni ya wanaume."

Ndugu Meneja Mkuu, ngoja niseme mimi haya mambo ya saizi, kwa kuwa msimamizi wenu alishikilia neno moja tu, kwamba "rimu ni 16 na tairi ni 16, kwa hiyo ni zile zile."

Si zile zile. Hiyo 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, basi. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya katikati ni kimo cha ubavu, kwa asilimia ya huo upana. Asilimia 65 ya 215 ni karibu milimita 140. Asilimia 70 ya 235 ni karibu milimita 165. Kila ubavu umeongezeka sentimita mbili na nusu, juu na chini, kwa hiyo tairi langu lililokuwa na kipenyo cha milimita 686 sasa lina 735. Hiyo ni zaidi ya asilimia 7, na upana nao umeongezeka sentimita mbili. Mtu anayevaa kiatu namba sita humpi namba nane ukamwambia vyote ni viatu vyeusi.

Matokeo yake ninayo. Jumapili nilikwenda kumwona mgonjwa Bugando, na kwenye kona ya kupanda kile kilima nilipokata usukani mpaka mwisho, tairi la mbele likaanza kukwaruza plastiki ya ndani ya madigadi. Nikasimamisha gari pembeni, nikainama, ndipo nikasoma ubavuni kilichoandikwa. Plastiki ya kulia imeshachanika. Spidomita nayo imekuwa ya uongo. Tairi kubwa huzunguka mara chache kwa umbali ule ule, hivyo dashibodi ikionyesha 50, gari linakwenda kati ya 53 na 54. Kwenye maeneo ya makazi mwendo ni 50, na mnajua tochi za trafiki za kupima mwendo zilivyo kwenye barabara zetu. Faini ya shilingi 30,000 nikiandikiwa, mtalipa ninyi?

Sasa upepo. Jumatatu alfajiri, kabla gari halijasogea hata hatua moja, nilipima matairi yote kwa geji. Yote manne yalikuwa 44. Sikupunguza, maana nilitaka mlione wenyewe. Nilipouliza 44 imetoka wapi, fundi wenu alinionyesha namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Hiyo namba ni ukomo ambao tairi lenyewe linaweza kubeba. Haihusu gari langu. Kiwanda cha tairi hakijui kama tairi litakwenda kwenye X-Trail au kwenye pikapu ya kubebea mawe. Anayejua ni aliyetengeneza gari, na ndiyo maana akaweka kibandiko mlangoni. Ninyi mnauza matairi kila siku ya Mungu. Hili nalo niwafundishe mimi muuza dagaa?

Tairi lililojazwa kupita kiasi linatuna katikati. Sehemu inayoshika lami inapungua, linalika katikati tu, na kwenye lami iliyolowa breki zinachelewa. Pungufu nalo ni hatari, kwa sababu linaelemea kingo na kupata joto, na ndilo linalopasuka safarini. Wala siombi upepo mdogo. Naomba ule ulioandikwa, upimwe tairi likiwa baridi, gari limepumzika walau saa tatu, kwa sababu likishatembea joto hupandisha upepo. Hiyo 44 yenu ilikuwa 44 ya alfajiri. Likitembea na mzigo, juani, inapanda kupita hapo.

Na lilitembea na mzigo. Hapa narudi nyuma kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloninyima usingizi. Jumamosi ile ile mliyonikabidhi gari nilikuwa napeleka dagaa Geita, kwa njia ya Usagara na daraja la Kigongo–Busisi. Mbele kidogo ya Usagara mvua ilikuwa imeanza. Ng'ombe wakavuka. Nilikanyaga breki kama ninavyokanyaga siku zote, kwa umbali ninaoujua, na gari halikusimama pale linaposimama siku zote. Liliendelea kuteleza, gunia moja likaangukia kiti cha mbele, na kilichotunusuru ni yule mtoto mchungaji aliyewachapa ng'ombe wake wakaondoka. Wakati ule sikujua sababu, nikadhani ni mvua. Baada ya kuona 44 kwenye geji nilikaa chini nikatetemeka. Mtoto yule alikuwa na umri wa kwenda shule ya msingi.

Haya yote nilikuwa nimekuja kumweleza msimamizi wenu. Hakunipa nafasi ya kufika hata kwenye ng'ombe.

Na sasa nieleze vizuri ilivyokuwa pale kaunta, maana hapo juu nimefupisha. Kwenye benchi lenu la wateja alikuwa amekaa mkwe wangu, baba wa kijana aliyemwoa binti yangu. Nilikuwa nampa lifti kwenda Kisesa. Mzee huyu hajawahi kunisikia nikipandisha sauti, wala mimi sijawahi kumsikia akiipandisha, na huko kwetu kila mtu anajua mkwe ni nani. Msimamizi wenu alimwona amekaa pale. Alichukua kalamu yake, akaisukuma geji yangu kwa ncha ya kalamu mpaka pembeni ya kaunta, kama anaondoa uchafu. Ndipo akapaza sauti: "Hebu mwongezee mama upepo kidogo atulie!" Fundi alikuja kweli. Alikuja na mpira wa kompresa, akachuchumaa kwenye tairi la nyuma la gari langu, akasubiri amri, huku wateja wakicheka na mmoja akipiga picha. Nikasema, "Usiguse gari langu." Na yeye, msimamizi, mbele ya mkwe wangu, akasema kamlete mzee wa nyumbani, haya ni ya wanaume. Mkwe wangu alisimama, akatoka nje, akaenda kusimama juani mpaka nilipomaliza. Njia nzima mpaka Kisesa hatukuzungumza.

Mimi ndiye ninayeendesha gari lile. Mimi ndiye niliyelinunua, kwa fedha ya dagaa. Mimi ndiye niliyewalipa 1,080,000, na wakati wa kuzipokea hakuna aliyeniuliza mzee wa nyumbani yuko wapi.

Jumanne nikapata ujumbe wa simu kutoka tawini kwamba mpo tayari kunibadilishia matairi mawili ya mbele, "kwa kuwa ndiyo yanayogusa," na ya nyuma yabaki. Niliusoma nikadhani nimeusoma vibaya. Mbele 215/65, nyuma 235/70, kwenye gari linalovuta magurudumu manne! Kwa hesabu ya kipenyo, tairi la mbele litazunguka karibu mara 464 kwa kilomita, la nyuma karibu mara 433. Mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma utaona tofauti hiyo kila kilomita, kila siku, kama vile magurudumu ya mbele yanateleza muda wote. Mfumo huo utapata joto na utakufa. Mnajua bei ya kubadilisha kifaa hicho? Mnataka kunitoa kwenye hasara ya madigadi mniingize kwenye hasara ya gia? Au aliyeandika ujumbe ule hajui gari langu linavuta vipi, wakati kwenye fomu yenu imeandikwa?

Ninachodai ni hiki. Matairi manne ya 215/65R16, yenye uwezo wa mzigo usiopungua 98, yaani kilo 750 kwa kila tairi, kama risiti inavyosema. Yote ya aina moja, na tarehe ya kutengenezwa nitaisoma mwenyewe ubavuni, zile tarakimu nne za wiki na mwaka. Sitapokea tairi lililokaa stoo miaka. Yafungwe nikiwa nimesimama pale, yapigwe balansi, na upepo ujazwe 33 mbele ya macho yangu. Plastiki ya madigadi mbadilishe kwa gharama yenu, na alaimenti ipimwe kwa gharama yenu.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kuishia hapo. Lakini nimefika hapa na naona haitoshi. Matairi yangu ya zamani mliyatoa na kuyaweka nyuma ya gereji bila kuniuliza. Nayataka, yote manne, hata kama yamekwisha. Nataka pia nirudishiwe nauli nilizolipa tangu Jumatatu, kwa kuwa gari nimeliegesha na silipandi tena na matairi haya. Na nataka barua ya kuomba radhi yenye mhuri wenu, yenye jina la msimamizi yule, iliyoandikwa kwangu na kwa mkwe wangu. Radhi ya simu siitaki. Alinitukana hadharani, na kuniomba radhi kuwe hadharani.

Kama mngenijibu vizuri pale kaunta ningeondoka na matairi yangu na kesho yake ningewaletea wateja. Sasa nawapa siku saba tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita, nakwenda Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, kwa kuwa mmeniuzia kitu kimoja mkanipa kingine. Nakala nitaipeleka TRA, mamlaka ya mapato, ili muwaeleze wao kwa nini risiti yenu inataja bidhaa ambayo haikutoka stoo. Na nitafungua madai mahakamani, ambako sitadai tena matairi. Nitadai fedha yote, fidia ya siku nilizokosa kupeleka mzigo Geita, na fidia ya kudhalilishwa. Mashahidi ninao. Kijana aliyekuwa anapiga picha kwa kunicheka, nimeshampata, na picha nimepewa.

Wanawake tunaosafirisha dagaa kutoka Mwaloni ni wengi, wenye magari ni wengi, na wote wanabadilisha matairi. Barua hii wataisoma kikundini kabla ninyi hamjaijibu.

Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi nitalileta gari kwa kuvutwa, na gharama ya kulivuta ni yenu. Nitakuja na mkwe wangu. Naomba siku hiyo wewe mwenyewe uwepo pale kaunta.

Wako,
Mteja mwenye X-Trail ya rangi ya fedha,
Mwanza.